Kumlisha Ami wa Bwana Harusi, Kutoka Pwani hadi Kondoa

Tangu nirudi mmenikalia kooni, hasa ninyi wa benchi la nyuma. Mnataka kujua likizo yangu ilikwendaje hata nikarudi nimekonda hivi, na kwa nini Bwana Ratansi siku hizi ananiita "mwanangu" mbele za watu. Nimesimulia vipande vipande, kila mtu na kipande chake, nanyi mmekutana mkaviunga mnavyotaka. Jana nimesikia kwamba nilifungwa bomani Dodoma. Sikufungwa. Naandika mara moja, msome, mniache.

Ya tiketi na vibali vya njia siyasemi. Yalikuwa mengi na hayakuchekesha.

Kwa wale waliohamia shuleni juzi: Bwana Ratansi ni yule Banyani mwenye duka la nguo na nta chini ya shule yetu. Binti yake, Laxmi, alikuwa ameposwa na kijana wa Unguja, na mambo yote yalikwisha kukubaliwa isipokuwa neno la mwisho. Neno la mwisho lilikuwa la ami wa bwana harusi, Mzee Govindji, aliyekuwa anakuja kwa meli kutoka kwao Kachi, Bara Hindi, kuja kuitazama nyumba ya mkwe kwa macho yake. Huyu mzee hali nyama, hali samaki, hali yai, hali kitunguu, wala hali cha chungu kilichopikiwa vitu hivyo. Na alitaka kuona kama mkwe naye anaishi hivyo hivyo. Zaidi ya hapo alitaka mkwe wa heshima, mtu wa kuketi mezani akahudumiwa, si mchuuzi wa kutafuna bisi nyuma ya magunia.

Bwana Ratansi kwa kutaka sifa alikuwa amekwisha kumpelekea salamu kwamba bara yetu imeendelea sana, kwamba njia nzima kuna hoteli zenye meza za vitambaa vyeupe, na kila mahali Banyani hupikiwa kwa dini yake. Ya vitambaa ilikuwa kweli.

Mimi nilichukuliwa kwenda naye kumpokea mzee pwani kwa sababu najua Kidachi cha shule, Kirangi cha mama na Kigogo cha kutukania. Asubuhi ya kuondoka Laxmi aliniita dirishani. Mnajua tumekua pamoja, na hajapata kunisemesha kwa upole hata siku moja.

"We Juma, usimwachie baba aseme sana. Akisema sana anaahidi. Na yule mzee ashibe. Mtu mwenye njaa hasemi ndiyo."

"Akikataa?"

"Akikataa nitaolewa na magunia ya nta. Nimechoka na vumbi hili. Nenda."

Pwani hadi Gulwe

Mzee Govindji alishuka melini akiwa mrefu, mkavu, mweupe kuanzia kilemba hadi viatu, na mwavuli kwapani. Alikuja na chombo chake cha shaba cha maji, mfuko wa bisi, chupa ya achari na pua. Naitaja pua kama mzigo kwa sababu ilifanya kazi kuliko sisi sote. Hakuna kilichomfikia mdomoni kabla ya kupita pale.

Kiswahili hakijui. Mimi Kikachi sikijui. Kwa hiyo neno likitoka kwa mtu wa njiani lilifika kwangu, nikalipeleka kwa Bwana Ratansi kwa Kiswahili, naye akalipeleka kwa mzee. Kila neno lilipita forodha mbili, na kila forodha ilikata chake.

Mabanyani wa pwani walitufungia kapu la maandazi na viazi vya manjano. Lilitufikisha Morogoro, tukalala. Kesho yake joto lilikwisha kulichachusha. Mzee alilinusa, akalifunika, akalisukuma kwa mguu chini ya kiti. Bwana Ratansi akasema si neno, jioni tutakula Dodoma.

Tulipofika Gulwe gari la moshi likasimama na halikuondoka. Nilimwuliza mtu wa injini kuna nini, akaniambia inapumzika. Nikauliza itapumzika mpaka lini, akasema yeye si mama yake. Jua likapanda, likafika utosini, likaanza kushuka upande wa pili.

Akina mama wa pale walituzunguka na vikapu. Kuku wa kuchemsha, nyama ya kukausha, mayai. Nikanunua mayai, nikampelekea Bwana Ratansi.

"Hili halina damu," nikamwambia. "Halina mfupa. Halikulia lilipopikwa."

"Lina mtoto ndani."

"Limechemshwa, bwana. Hata kama alikuwamo, ametoka."

Mzee alihama kiti akaenda kukaa dirisha la mbali. Mama mwenye kikapu alikuwa anatutazama.

"Babu yenu mgonjwa?"

"Hali nyama, mama."

"Nani kamkataza?"

"Dini yake."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

Akafikiri kidogo kwa huruma. "Basi mpe bata."

Mwisho tulipata miwa na ndizi. Bwana Ratansi alitandika leso nyeupe juu ya sanduku, akamenya muwa kwa kisu kidogo chenye mpini wa pembe, akaupanga vipande sawasawa juu ya kisahani, akampelekea mzee kwa mikono miwili. Wapagazi waliosafiri gari la nyuma walikuja kuchungulia muwa unaoliwa kwa adabu namna ile. Mzee alitafuna taratibu, akasema jambo. Nikamwuliza Bwana Ratansi amesema nini.

"Amesema, meza yako imejaa muwa."

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimemwambia asubiri aone Dodoma."

Nikamkumbuka Laxmi.

Meza ya Dodoma

Dodoma, jirani na stesheni, kuna hoteli ya Mgiriki mmoja, na sifa zake zilikuwa zimetufikia hata huku Kondoa. Ndani hukaa Wadachi. Mtu kama Bwana Ratansi, kwa kuwa amekuwa akimpatia yule Mgiriki vitu vya dukani kwa muda mrefu, huruhusiwa kukaa barazani, upande wa jua, nyuma ya pazia. Mkalimani husimama. Nawaambia mapema msije mkadhani nilipewa kiti.

Lakini meza ilikuwa meza. Kitambaa cheupe mpaka kinaumiza macho, uma na visu vimepangwa kama askari wa gwaride, na gilasi yenye maua ya porini katikati. Mzee Govindji alikitazama kitambaa, akashika pindo lake kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Bwana Ratansi akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Nilisoma karatasi ya vyakula kutoka Kidachi. Supu ya mboga za bustani. Kabichi. Viazi. Maharage. Mgiriki mwenyewe alikuja, tumbo mbele, akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi mboga nzuri. Mboga kama Ulaya. Nyama hapana, mimi nimesema jikoni." Akaondoka akijifuta jasho.

Supu ikaja katika bakuli la maua. Kijani, ina karoti, inatoa mvuke. Bwana Ratansi akaichota ya kwake. Mzee akainama kuinusa, akabaki ameinama. Upepo ukaniletea na mimi, nikajua pua yangu na yake zimesoma shule moja. Nikaenda jikoni.

Mpishi alikuwa Mmanyema mtu mzima, aproni safi kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unatafuta nini huku?"

"Supu ile ina nyama?"

"Haina. Nimeitoa."

"Umeitoa?"

"Bwana kasema wageni hawali nyama. Nikaitoa yote, hata vile vipande vidogo, na kijiko cha matundu. Imenichukua muda. Waambie wasiogope."

"Na kabichi?"

"Kabichi nyama haikuingia kabisa. Ina mafuta tu."

"Mafuta ya nini?"

Akaitazama kofia yangu. "Wewe Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Basi usiulize."

Niliporudi barazani kijiko cha Bwana Ratansi kilikuwa kimefika katikati ya bakuli na mdomo, na mzee alikuwa ameacha kutazama supu anatazama kijiko. Nikamnong'oneza Bwana Ratansi maneno mawili. Mkono ukashuka polepole, kijiko kikalala juu ya kitambaa, doa la kijani likaenea. Akaanza kumweleza mzee jambo refu. Baadaye nilikuja kujua alikuwa anasema supu ya Dodoma haifai ikipoa, na hii imepoa. Mvuke ulikuwa ungali unapanda mbele ya uso wake.

Mgiriki akaja kuuliza kuna ubaya gani. Nikamweleza kwa Kidachi. Akainua mabega.

"Kidogo tu, kwa ladha. Hakuna mtu aliyekufa kwa ladha."

Mzee alisukuma sahani. Alisema maneno machache, bila hasira, akijifuta vidole. Bwana Ratansi hakutaka kunitafsiria. Nilipomshikilia, akasema akiwa ameangalia maua ya kwenye gilasi:

"Anasema, mtu asiyejua kilichomo katika chungu anachokaribishia wageni, binti yake atakuja kupika nini jikoni kwetu?"

Mzee alikula machungwa, akayamenya mwenyewe. Bwana Ratansi hakula kitu. Mimi nilirudi jikoni, yule Mmanyema akanipa mkate mkavu na kunihakikishia kwamba umekaa mbali na kila kitu.

Miyuji

Kesho yake tulishika njia ya miguu, wazee juu ya punda, mimi na wapagazi chini. Hatukwenda mbali, maana punda mmoja alichelewa kupatikana, na jioni ilitukuta Miyuji kwa Mgogo mmoja rafiki yake Bwana Ratansi, anayemwuzia nta.

Wagogo mnawajua. Mgeni wa heshima kwao haletewi nyama hivi hivi. Huletewa kwanza mnyama mwenyewe, hai, amwone, aridhike kwamba ni mzima na mnono, ndipo achinjwe. Bwana Ratansi alikuwa amekwenda kunawa. Mimi nilikuwa nafungua mizigo ya punda. Hakuna aliyemwambia Mzee Govindji lolote. Akaona mwenyeji anamjia na kondoo jike mweusi, doa jeupe sikioni, akamwekea kamba mkononi.

Mzee akasimama. Akamgusa kondoo kichwani, akaunganisha viganja kushukuru, akampeleka mpaka kwenye kitanda chake cha safari akamfunga mguuni pa kitanda. Kisha akaketi akawa anamlisha bisi. Zilikuwa bisi zake za mwisho mwisho.

Mwenyeji alisimama na kisu nyuma ya mgongo. Akaniita pembeni.

"Anamwangalia mpaka lini?"

"Naona amempenda."

"Kumpenda ndiyo nini? Tumchinje sasa au asubuhi?"

Bwana Ratansi alipokuja akazungumza na mzee, akarudi ameshika kiuno. "Anasema zawadi ya mwenyeji hairudishwi. Anakwenda naye."

Yule Mgogo alicheka mpaka akakaa chini. "Mtu kapewa chakula cha jioni, kakifunga kamba, anatembea nacho." Akaenda kuwaita majirani waje waone.

Wapagazi hawakucheka. Walikwisha kuwasha moto. Mnyapara wao akaja kuuliza nyama itakuwa lini, nikamwambia kesho. Siku iliyofuata akauliza tena, nikamwambia kesho. Wakamwita yule kondoo Kesho, na njia nzima ya kaskazini alitembea mbele yao amenona, nao nyuma wanamtazama mkia.

Njia ya Haneti

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Visima vya njiani vilikuwa mashimo ya mchanga, unachimba, unangoja, unapata kikombe cha matope. Kila tulipolala watu walikuwa wakarimu, na ukarimu wao ulikuwa na kwato. Mzee alikataa, akakubali boga la kuchoma majivuni, maana boga hupikwa ndani ya ganda lake na halijui sufuria. Palipokosekana boga hakula. Bisi zikaisha. Achari ikabaki, lakini achari peke yake ni kama kuvaa kilemba bila kanzu.

Siku ya mwisho kabla ya Haneti aliteleza juu ya punda. Hakuanguka, mnyapara alimdaka, lakini uso ulikuwa wa majivu. Bwana Ratansi aliacha kabisa kujisifu. Alianza kumwonyesha vilima kwa kidole, hiki na kile, kana kwamba vimeandaliwa. Tulipopumzika aliniambia, "Juma, nikimfikisha Kondoa amekufa, si binti huyu tu. Hata wadogo zake hawataposwa."

Haneti tulifikia kwa Mzee Chilongani, mwenye tembe refu na ng'ombe wengi. Salamu hazijaisha, "mbukwa" kwa "mbukwa", kijana wake akamshika Kesho kamba akamvuta kuelekea nyuma ya nyumba. Walidhani tumekuja na nyama yetu, jambo la adabu nzuri. Mzee Govindji alijaribu kushuka punda kwa haraka akashindwa. Nikamkimbilia mwenye nyumba.

"Shikamoo, baba. Kondoo huyo si wa kula. Ni wa tambiko."

"Marahaba. Tambiko gani la kondoo mwenye doa jeupe? La mvua hutaka mweusi mtupu."

"La kwao huyu mgeni."

"Kwao wapi?"

"Ng'ambo ya bahari."

"Huko mvua inanyesha?"

"Inanyesha, baba."

"Basi labda madoa yanafaa." Akamwashiria mwanawe amwachie. Kisha akaniinamia. "Mgeni wako hali nyama, siyo? Ungesema tu. Mimi mwenyewe meno yameondoka, sijui nyama ina ladha gani siku hizi. Ingieni ndani, mtapewa ninachokula mimi."

Ndani walikuwa wametandika ngozi ya ng'ombe. Niliiwahi kabla mzee hajaiona, nikaikalia mimi mwenyewe, nikaomba vigoda kwa ajili ya wazee. Wakaletewa vigoda vya kuchongwa, vyeusi vinang'aa. Bibi mkubwa wa nyumba, Mama Nyemo, akatoka kwenda zizini, ng'ombe walikuwa wanarudi. Nikamfuata nikidhani nitasaidia kubeba.

Sasa sikilizeni. Pale zizini binti mmoja alikuwa anaosha vibuyu vya maziwa. Maji hayakuwapo, na hata yangekuwapo hayakuwa na kazi pale. Alikinga mkojo wa ng'ombe, moto moto, akautikisa ndani ya kibuyu, akamwaga, akakipitishia kaa la moto kukifukiza, na kikawa tayari. Ndicho kilichotiwa maziwa ya wageni.

Nikajua mimi maziwa hayo siyanywi. Lakini nilifikiri zaidi habari ya mzee. Mtu aliyeikataa supu kwa sababu nyama ilipata kupita ndani yake, atasema nini kwa hili? Nikimwambia, hatakula, na kesho yake hatakuwako wa kusema ndiyo wala hapana. Nikaamua sikuona kitu. Nilirudi ndani nikavisogeza vigoda ili wazee wawe wametazama ukuta, zizi liwe mgongoni.

Mama Nyemo akaleta kibuyu cha maziwa mgando, kikombe cha samli, na uwele uliotwangwa ukapikwa kwa maziwa mpaka ukashikana. Mzee akakipeleka kibuyu puani. Hakuna kitu alichonusa muda mrefu vile tangu atoke melini. Bwana Ratansi alifumba macho. Mimi nilihesabu boriti za dari.

Mzee akanywa. Akashusha pumzi, akanywa tena. Kisha akaumega ule uwele kwa vidole, akachovya samli, akala, akasema neno moja: "Bajri." Bwana Ratansi akaniambia ndicho chakula chao cha kila siku kule Kachi, uwele huu huu. Tangu ashuke melini watu wamekuwa wakimpa ngano na viazi ili kumheshimu. Mzee alikula mpaka Mama Nyemo akaenda kupika mwingine.

Mimi nilikaribishwa kibuyu nikasema tumbo linaniuma.

"Mkalimani wa watu wa maziwa," Mama Nyemo akasema, "tumbo lako limekutwa na nini leo?"

Nikala ugali mkavu. Ndiyo meza bora kuliko zote tulizozipata safari nzima, na mimi niliyeitafuta sikuionja.

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda cha mzee kitupu. Nikatoka. Alikuwa zizini, amesimama karibu kabisa na yule binti, na binti amekinga kibuyu nyuma ya ng'ombe, anasubiri bila haraka. Bwana Ratansi alikuwa anatoka mlangoni. Wakasemezana, kisha akanigeukia.

"Mzee anauliza, vyombo vyote huoshwa namna hii?"

"Vyote? Hapana, bwana. Hicho kimoja tu. Ni cha ndama."

Mama Nyemo alikuwa nyuma yangu, na Kiswahili anakisikia vizuri. "Cha ndama kitu gani? Vyote, tangu enzi za bibi yangu. Kibuyu cha maji matupu kinanuka."

Bwana Ratansi akatafsiri. Mzee Govindji alivua viatu. Akasogea kwa ng'ombe, akakinga viganja, akapata kidogo, akajinyunyizia kichwani. Akamnyunyizia Bwana Ratansi. Nilikuwa nimesimama karibu, nikapata sehemu yangu.

Ilinibidi nikajisafishe kwa kikombe kimoja cha maji, na maji ya Haneti mnayajua. Huku najisugua, Bwana Ratansi alinieleza. Kwao kitu hicho ndicho hutakasa. Mtu akivuka bahari, akilala karibu na vyungu vya watu, akikalia viti vya hoteli, uchafu humwandama, na hicho ndicho huuondoa. Mzee alikuwa amekaa na hofu hiyo tangu bandarini kwao, na sasa amekunywa usafi jioni nzima bila kujua.

"Ulijua tangu jana?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Na ukatugeuza tutazame ukuta." Alinitazama sana. "Nilikuwa na sifa moja tu ya kweli ya kumwonyesha mtu huyu katika nchi nzima, nawe ukaikalia pamoja na ile ngozi."

Tulipoondoka, mzee alimkabidhi Mama Nyemo kamba ya Kesho, kwa sharti asichinjwe mpaka afe mwenyewe. Mama Nyemo akauliza kwa Kigogo kama kondoo ameelezwa sharti hilo. Nikamtafsiria Bwana Ratansi, akaona ni afadhali forodha yake ilikate neno hilo. Wapagazi waliaga wakiwa wamegeukia upande mwingine.

Kondoa

Mngedhani hapo ndiyo yamekwisha. Njia nzima kutoka Haneti Bwana Ratansi alimwuliza mzee kwa kuzunguka, na mzee alimjibu kwamba ataiona nyumba kwanza.

Nyumbani kwa Bwana Ratansi walikuwa wametutazamia. Meza imeandaliwa sebuleni, kitambaa cheupe, sahani za Kidachi zenye mstari wa dhahabu, na chakula ambacho Laxmi na mama yake walikuwa wamekipika tangu alfajiri, dengu, wali wa maziwa, maandazi ya samli, mboga za namna ambazo sijui majina yake. Mimi niliketi kizingitini. Laxmi alikuwa nyuma ya pazia, naliona pazia linapumua.

Mzee akaketi. Akanusa, akaridhika. Kisha akaigonga sahani kwa ukucha, akauliza swali. Bwana Ratansi akajibu, na nilimwona anavyojuta neno likiwa bado mdomoni. Aliulizwa vyombo vimeoshwa na nini, akasema kwa maji na majivu, kama ilivyo kweli.

Mzee akaweka mikono mapajani. Hakukasirika. Alingoja tu, kama mtu anayejua kwamba nchi hii ina kitu bora zaidi na amekwisha kukiona kwa macho yake. Bwana Ratansi akafungua mdomo, na nilijua anataka kuahidi.

Laxmi akamwahi. Alisema jambo kwa lugha yao, sauti ya kawaida tu, kisha kwa Kirangi, ambacho humo ndani tunakielewa mimi na yeye:

"Juma, chukua kopo, nenda nyuma. Usirudi bila kitu."

Nikaenda. Ng'ombe wa Bwana Ratansi alikuwa amelala anacheua. Nikamwinua, akasimama, akanitazama. Nikamzunguka na kopo. Akatafuna. Ndani chakula kinapoa, mzee mikono mapajani, Unguja nzima inangoja, na neno la mwisho limetoka mdomoni mwa Mzee Govindji limehamia kwa ng'ombe. Nilimwimbia. Nilimmwagia maji karibu ili asikie sauti. Ninyi wawili wa benchi la nyuma, mlipita uani wakati huo mkasimama, mkanikuta nimechuchumaa nausihi mkia, na ndipo mlipoanza kusema nimerukwa na akili Dodoma.

Akajaliwa. Nilikimbia na kopo mkono umenyooka mbele. Laxmi alilipokea akajifunika mtandio, akatoka mbele ya wageni, akanyunyizia sahani moja moja yeye mwenyewe, akazifuta, akapakua upya. Mzee Govindji alimtazama kuanzia sahani ya kwanza hadi ya mwisho. Akala. Katikati ya wali wa maziwa, mdomo umejaa, akamwambia Bwana Ratansi neno moja, na Bwana Ratansi akainuka akaenda kusimama dukani peke yake, ameyageuzia magunia uso.

Nikamwuliza Laxmi kupitia pazia mzee amesema nini.

"Amesema ndiyo. Nenda kanawe."

Harusi ni baada ya mavuno. Mzee Govindji ameamua kukaa hapa hapa mpaka siku hiyo, na kila asubuhi kabla ya kengele ya shule anataka vyombo viwe vimeoshwa kama vya Haneti. Wamejaribu watu wengine, ng'ombe amewakataa. Kwa hiyo mkinikuta nyuma ya ule ua, nipiteni kimya. Akishtuka, hukawia.